Nani alimchukulia nani? Kisa cha kibwagizo cha "shimmy shimmy"

Mwaka 2000 msanii wa hip hop kutoka St. Louis, Missouri, anayeitwa Nelly, alitoa wimbo "Country Grammar". Ulipanda hadi nafasi ya 7 kwenye chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard, na albamu yenye jina hilohilo ilikuja kupewa cheti cha almasi, ambacho Marekani hutolewa kwa albamu iliyofikisha nakala milioni 10. Watu waliupokea kama sauti mpya kutoka katikati ya nchi, mbali na New York na Los Angeles zilizokuwa zimezoea kutamba. Ila kiitikio chake hakikuwa kipya. Wanawake wengi Weusi wa Marekani walipokisikia redioni, viganja vyao vilijua pa kwenda kabla hata hawajatega sikio kwenye maneno. Mwendo ule waliuimba wakiwa wasichana, wakati wa mapumziko shuleni na kando ya barabara mbele ya nyumba zao, katika mchezo wa makofi uitwao "Down Down Baby".

Mtafiti wa muziki na utamaduni Kyra Gaunt aliliweka jambo hili mezani katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu michezo ya wasichana Weusi wa Marekani, kuanzia makofi hadi kuruka kamba mbili. Anachodai ni kwamba michezo ya wasichana na nyimbo za biashara, ambazo nyingi zimeimbwa na wanaume, zimekuwa zikikopeshana miaka nenda miaka rudi, na kwamba deni la upande mmoja tu ndilo linaloandikwa daftarini. Nakubaliana naye. Ila kuna swali ambalo naona halijachimbwa vya kutosha: kati ya maelfu ya nyimbo zinazopigwa redioni, kwa nini wasichana walishika kile kipande na kuacha vingine vyote? Nitakifuata kibwagizo kimoja kuanzia miaka ya 1950 hadi kwa Nelly, kwa sababu kina kitu ambacho nyimbo za uwanjani huwa hazina, nacho ni tarehe. Kimeacha santuri nyuma yake, na santuri zina miaka.

Santuri zinasema nini

Mchezo wenyewe ni huu. Wachezaji wawili husimama wakitazamana na kugonganisha viganja kwa mpangilio usiobadilika, huku wakiimba. Maneno huanza kwa kushuka, "down down baby", kando ya lile gari la reli la viwanja vya burudani linalopanda polepole kisha likaporomoka. Hufuata ahadi ya mapenzi ya aina inayosikika katika nyimbo elfu moja, kwamba mpenzi hataachwa kamwe. Halafu ndipo linapoingia "shimmy shimmy ko-ko bop". Baada ya hapo kila uwanja una mkia wake. Kuna wanaounga kipande cha kupenda kahawa na chai na mvulana fulani. Kuna wanaounga bibi mgonjwa kitandani ambaye daktari anamwagizia mdundo wa kichwa, wa mikono, wa miguu, na kila kiungo kikitajwa kinatikiswa.

Kibwagizo hicho kimefanyaje kufika hapo? Jibu la haraka, ambalo utalisikia mara nyingi, ni kwamba kilitoka kwa Little Anthony and the Imperials, kundi la Brooklyn, New York, lililotoa "Shimmy, Shimmy, Ko-Ko-Bop" mwaka 1959 kupitia kampuni ya End. Wimbo ulifika nafasi ya 24 kwenye Hot 100 mwanzoni mwa 1960. Redio ikaimba, watoto wakasikia, mchezo ukazaliwa. Hadithi inakaa vizuri mpaka ukutane na santuri ya miaka mitatu kabla yake. Mwaka 1956 kundi la Pittsburgh lililoitwa El Capris lilirekodi wimbo wenye jina linalofanana mno, "(Shimmy Shimmy) Ko Ko Wop". Neno la mwisho limebadilika herufi moja tu, na kilichobaki ni kilekile.

Na "shimmy" lenyewe lina umri zaidi ya hapo. Ni dansi ya kutikisa mabega iliyovuma Marekani mwishoni mwa miaka ya 1910, ikapigwa marufuku katika baadhi ya kumbi kwa madai ya kukosa adabu, ikaingia kwenye nyimbo za jukwaani na za jazz. Msichana wa 1959 hakuhitaji Little Anthony kumfundisha neno hilo. Huenda nyanya yake ndiye aliyekatazwa kulicheza.

Tena tusimsahau nani alikuwa anaimba. Mtindo wa doo-wop, ule wa sauti kadhaa zinazopangana huku moja ikiongoza na nyingine zikijaza kwa silabi zisizo na maana, ulikuwa muziki wa vijana wa mitaani. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye ngazi za majengo na kwenye korido zenye mwangwi, bila chombo hata kimoja. Little Anthony, ambaye jina lake ni Jerome Anthony Gourdine, alizaliwa 1941. Wimbo ulipotoka alikuwa na miaka 18. Frankie Lymon, mwimbaji mwingine wa mtindo huo, alikuwa na miaka 13 tu alipovuma na kundi lake mwaka 1956. Wavulana kwenye ngazi na wasichana wenye kamba kando ya barabara walikuwa watoto wa mtaa mmoja, mara nyingi wa nyumba moja. Ukichora mstari na kuandika upande huu "tasnia ya muziki" na upande ule "utamaduni wa watoto", itakubidi umgawe kaka na dada yake.

Kwa hiyo kuuliza nani alianza kuna faida ndogo. Tunachoweza kuona kwa uhakika ni kilichobadilika kila kipande kilipovuka, na humo ndimo kisa kinapokuwa kitamu.

Kilichotupwa

Wimbo wa 1959 una hadithi. Mwanamume amekaa peke yake ndani ya kibanda cha wenyeji, mnyonge, hajui la kufanya. Anatokea msichana mwenyeji, anacheza ngoma ya kwao, na mwanamume anaduwaa kama aliye peponi. Ni ile ndoto ya visiwa vya mbali iliyokuwa imejaa kwenye filamu na vitabu vya Marekani ya wakati huo, na kuisikiliza leo kunakera.

Watoto waliitupa yote. Kibanda hakipo, kisiwa hakipo, msichana wa ngoma hayupo, mwanamume mnyonge ndiye wa kwanza kuondoka. Jina la mwimbaji nalo likapotea, na vizazi vilivyofuata viliimba kibwagizo bila kujua kama kiliwahi kuwa na mwimbaji. Silabi saba ndizo zilizobaki.

Hapa watu wazima hukosea, wanapoogopa maudhui ya nyimbo za redioni. Wanadhani mtoto anabeba wimbo mzima, hadithi yake na maadili yake. Katika kisa hiki hadithi ndiyo kitu cha kwanza kudondoka njiani. Sisemi kwamba mtoto hasikii maneno machafu. Anayasikia, na akiona kwamba mwalimu anashtuka atayapenda zaidi. Ila mchezo una mahitaji yake, na hadithi ya beti tatu kuhusu mtu mwenye huzuni haina kazi ndani ya mchezo wa kupigana makofi.

Mikono ndiyo inayochagua

Tuhesabu. Shim-my, shim-my, ko-ko, bop. Silabi saba, mapigo manne ya mkazo, na pigo la mwisho limeachiwa nafasi ya kupumua. Msomaji aliyezoea mizani ya mashairi ataona mara moja kwamba huu ni mshororo uliokamilika. Tena ni mshororo wa aina inayopatikana katika nyimbo za watoto kila mahali penye Kiingereza.

Na nje ya Kiingereza pia. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Robbins Burling alilinganisha mashairi ya watoto wa Kiingereza, wa Kichina cha Peking na wa Bengkulu huko Sumatra, akakuta mapigo manne kwa kila mshororo yakijirudia katika lugha ambazo hazina undugu wowote. Miaka kumi kabla yake Constantin Brăiloiu, mtafiti wa Romania, alikuwa ameandika jambo la karibu sana na hilo kuhusu midundo ya watoto, akihesabu vipimo vinane vifupi mahali ambapo Burling alihesabu mapigo manne. Wasomi bado wanabishana kama chanzo ni mwili wa binadamu au ni kuambukizana kwa tamaduni. Kwa ajili ya kisa chetu inatosha kujua kwamba kibwagizo kile kilipotoka redioni kilikuwa tayari kimekatwa kwa kipimo cha uwanjani.

Lakini nyimbo nyingi zina mapigo manne. Kipimo peke yake hakitoshi kueleza. Ndipo tunapofika kwenye viganja.

Katika mpangilio mmoja uliozoeleka sana wa makofi, mchezaji anaelekeza kiganja kimoja juu na kingine chini na kukutana na vya mwenzake. Kisha anasukuma viganja vyote viwili mbele vikutane na vya mwenzake. Kisha anapiga makofi yake mwenyewe. Matendo matatu, halafu unaanza upya. Sasa weka mzunguko huo wa matatu chini ya maneno yanayokwenda kwa manne. Mshororo wa kwanza unaanza na viganja vya juu na chini. Wa pili unaanza na kusukuma mbele. Wa tatu unaanza na makofi ya peke yako. Mikono na maneno vinarudi kuanza pamoja baada ya mapigo 12, yaani baada ya mishororo mitatu. Kathryn Marsh, aliyerekodi michezo ya aina hii katika viwanja vya shule vya Australia, Norway, Uingereza, Marekani na Korea Kusini, ameueleza mvutano huu wa tatu dhidi ya nne kwa kirefu. Mwanafunzi wa chuo cha muziki hutoka jasho kuufanya akiwa anasoma nota. Wasichana wa miaka minane huufanya huku wakimcheka aliyekosea.

Ukishaelewa hilo, unaelewa pia wimbo gani hautafika uwanjani. Noti ndefu inayovutwa kwa hisia haina nafasi, kwa sababu mikono haingoji. Maneno yanayohitaji kufikiriwa hayana nafasi, kwa sababu kichwa kina shughuli nyingine. Kinachohitajika ni silabi zinazojiendesha zenyewe, zenye konsonanti ngumu mwanzoni ili zigonge pamoja na viganja. "Sh" ya kuburuza, "k" ya kukata, "b" ya kufunga. Mtunzi aliyezibuni hakuwa anawaza makofi. Doo-wop haikuwa na ngoma wala gita kwenye ngazi za jengo, kwa hiyo midomo ilijifunza kufanya kazi ya ngoma, na michezo ya makofi nayo haina ngoma. Sababu ni moja, na matunda yakafanana.

Kuna ushahidi mwingine mzuri kutoka kwa kundi hilohilo. Mwaka mmoja kabla ya "Shimmy, Shimmy", yaani 1958, walitoa "Tears on My Pillow", uliofika nafasi ya 4. Kwa hesabu ya chati ulikuwa mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na ule wa nafasi ya 24, na ndio unaotajwa kwanza kila kundi likikumbukwa. Kama umaarufu ndio ungekuwa unaamua, wasichana wangepiga makofi kwa machozi ya kwenye mto. Ni wimbo wa polepole wa mapenzi, sauti inaning'inia juu ya kila neno, na mikono haina pa kushika. Ulidumu kwenye dansi za kukumbatiana. Ule mdogo, ambao watu wazima wengi waliuona kama upuuzi wa kuchekesha, ndio ambao kibwagizo chake kimepigiwa makofi kizazi baada ya kizazi.

Ndiyo maana siuamini usemi kwamba redio "inaathiri" michezo ya watoto, kana kwamba maji yanamiminwa kwenye chupa. Redio inatandaza bidhaa chini. Wanaopita ni wateja wagumu.

Nafaka ya chokoleti na filamu ya 1988

Baada ya kuingia uwanjani kibwagizo hakikutulia. "Ko-ko bop" haina maana, na watoto huvumilia upuuzi mpaka wapate neno halisi linalosikika hivyohivyo. Wakalipata kwenye meza ya asubuhi. Katika matoleo mengi yaliyorekodiwa, "ko-ko bop" imekuwa "cocoa puff", jina la nafaka ya chokoleti inayouzwa madukani kote Marekani, au "cocoa pop". Mdundo ni uleule, konsonanti karibu zilezile, ila sasa mchezo umefyonza tangazo la biashara bila kampuni kulipa senti. Kipande cha kahawa na chai nacho kina historia ya namna hiyo. Kundi la Ink Spots lilivuma mwaka 1940 na wimbo "Java Jive" unaoanza kwa kupenda kahawa na chai, na mashairi ya kuruka kamba yana maneno karibu sawa. Kila ukivuta uzi mmoja unakuja na mwingine.

Mwaka 1988 mchezo uliingia kwenye sinema. Katika filamu "Big", iliyoongozwa na Penny Marshall, mvulana wa New Jersey anaamka amekuwa mtu mzima, mwili wa Tom Hanks, na rafiki yake anamwogopa kama jambazi. Anamthibitishia kuwa ni yeye kwa kuimba wimbo wao wa siri, na wimbo huo umejengwa juu ya "down down" na "shimmy shimmy". Walioandika tukio hilo walielewa jambo: nyimbo hizi hufanya kazi ya nywila. Mtu mzima hawezi kuzijua, na akizijua basi ni mmoja wetu.

Lakini angalia walichofanya. Mchezo unaobebwa zaidi na wasichana, na kwa nguvu ya pekee na wasichana Weusi, umewekwa mikononi mwa wavulana wawili weupe, na hivyo ndivyo mamilioni ya watazamaji waliufahamu. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Hivyo ndivyo mali isiyo na jina inavyosafiri, kila anayeishika anaonekana ndiye mwenyewe.

Tukirudi kwa Nelly

Kiitikio cha "Country Grammar" kinashika mwendo wa mchezo na maneno yake ya mwanzo karibu kama yalivyo. Kisha kinageuza. Gari la reli la viwanja vya burudani, "roller coaster", linakuwa "Range Rover", gari la kifahari linaloshuka mtaani. "Sweet, sweet baby" ya mapenzi inakuwa "street sweeper", ambalo ni jina la bunduki. Ahadi ya kutomwachia mpenzi inageuka kuwa silaha iliyokokwa, tayari kuachiwa. "Shimmy shimmy" na "cocoa" vimebaki mahali pake.

Ukisoma haraka utasema: wimbo wa watoto umechafuliwa kwa bunduki. Isome tena kwa sikio. "Roller" na "Rover", "sweet, sweet" na "street sweep". Ameshika mifupa ya sauti na kubadilisha nyama ya maana. Hivyo hasa ndivyo watoto walivyofanya kwa "ko-ko bop" walipoigeuza nafaka, na ndivyo walivyofanya kwa kila wimbo walioutania tangu zamani. Alipochukua kutoka uwanjani, Nelly alichukua maneno na mdundo, na alichukua pia ufundi wa kuyageuza. Hili halijadiliwi sana, na kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Watu wanaposema hip hop ina mizizi kwenye michezo ya watoto, wengi hufikiria sampuli, yaani vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za wengine, na vibwagizo vilivyookotwa. Mizizi iko ndani zaidi. Msichana anayejua kuunga kipande cha bibi mgonjwa kwenye mkia wa kipande cha kahawa bila kupoteza pigo, kisha akaingiza jina la jirani anayemtania, amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya mtu wa kughani kabla hajafika darasa la nne.

Nelly hakuwa peke yake, wala wa kwanza. Ol' Dirty Bastard wa Brooklyn alikuwa ametoa "Shimmy Shimmy Ya" mwaka 1995. Nyuma zaidi, Rufus Thomas wa Memphis alifika nafasi ya 10 mwaka 1963 na "Walking the Dog", ambao ndani yake yumo Mary Mack mwenye nguo nyeusi, mhusika wa mchezo wa makofi uliokuwapo tangu karne ya 19. Shirley Ellis alifika nafasi ya 8 mwaka 1965 na "The Clapping Song", ambao unaeleza hatua kwa hatua namna ya kupiga makofi. Huo nao ulirudi viwanjani, hadi Uingereza. Na kabla ya wote hao, mwaka 1938, Ella Fitzgerald akiwa na orkestra ya Chick Webb aligeuza mchezo wa kitoto wa kikapu kilichopotea kuwa wimbo uliomfanya nyota. Nimetaja wanawake wawili hapo makusudi. Ellis na Fitzgerald huenda walikuwa wasichana wa michezo hii kabla hawajawa waimbaji, na inasikika katika namna wanavyoshika pigo.

Hofu ya kila kizazi

Mwaka uleule wa 1959 ambao Little Anthony alitoa wimbo wake, huko Uingereza Iona na Peter Opie walichapisha kitabu chao juu ya maneno na desturi za watoto wa shule, walichokijenga kwa msaada wa watoto wapatao 5,000 kutoka shule 70. Wakati ule watu walikuwa wanalalamika kwamba redio, sinema na televisheni vimeua michezo. Akina Opie walionyesha kinyume kwa mfano wa wimbo kuhusu Davy Crockett, shujaa wa kale wa Marekani, uliofika Uingereza mwaka 1956. Miezi michache tu baadaye mzaha wa watoto juu ya wimbo huo ulikuwa umesikika katika miji iliyo mbalimbali kabisa, bila redio kuupiga hata mara moja. Redio ilileta wimbo, lakini mzaha ulisafiri kwa midomo.

Kisa chetu kinaunga mkono upande wao, lakini sitaki kukitumia kutangaza kwamba kila kitu ni salama. Kuna badiliko moja ambalo naliona kuwa la aina nyingine. Mtoto aliyesikia kibwagizo redioni mwaka 1960 alikisikia kikapita. Hakuweza kukirudisha nyuma. Alichokumbuka ndicho kilichokuwa wimbo, na alichosahau alikijaza mwenyewe, na katika kujaza huko ndipo "bop" ilipopata nafasi ya kuwa nafaka. Mtoto mwenye video anaweza kuirudisha mara hamsini na kulinganisha mkono wake na mkono wa kwenye skrini. Dansi za video zinachezwa hivyo: kuna toleo moja lililo sahihi, na sifa inakwenda kwa aliyelikaribia zaidi. Michezo ya makofi haikuwahi kuwa na toleo sahihi. Ilikuwa na toleo la mtaa wako na toleo la binamu yako, na ugomvi kati ya hayo mawili ulikuwa sehemu ya raha.

Hata hivyo watoto wenyewe nao wameanza kujirekodi wakicheza na kuwekeana mtandaoni, na watafiti waliofuatilia viwanja vya shule mbili, moja Sheffield na moja London, kati ya 2009 na 2011, walikuta michezo ikipita kwa njia hiyo pamoja na ile ya zamani ya kufundishana ana kwa ana. Video ya mtoto mwenzako haina mamlaka ya video ya nyota. Unaweza kuiambia kwamba imekosea.

Jina kwenye santuri

Linabaki suala la fedha, na hapa sina subira sana. Wimbo wa 1959 umeandikwa jina la mtunzi. "Country Grammar" umeandikwa Cornell Haynes Jr., ambaye ndiye Nelly, pamoja na mtayarishaji Jason Epperson. "The Clapping Song" umeandikwa Lincoln Chase, ingawa vipande vyake vilikuwa tayari vinaimbwa. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 hulinda kazi pale inapokuwa imewekwa katika umbo la kudumu, kama maandishi au rekodi. Wimbo unaoishi kwenye viganja na midomo ya wasichana, unaobadilika kila wiki, hauna umbo hilo, na hata ungekuwa nalo hakuna anayeweza kusimama na kusema aliutunga. Aliyefika kwanza na kinasa sauti anapata karatasi. Aliyefika kwanza na wimbo hapati chochote.

Sioni namna ya kumlipa kila msichana, na anayedai ipo aeleze hundi itaandikwa kwa nani. Lakini kutaja si kulipa. Vitabu vya nyimbo za kale vina desturi ya kuandika "ya jadi" mahali pa jina la mtunzi, na wanamuziki wa nyimbo za asili hutaja waliowafundisha. Mstari mmoja kwenye jalada la albamu iliyouza mamilioni, unaosema kiitikio kimetoka kwenye mchezo wa makofi wa wasichana Weusi wa Marekani, usingepunguza mapato ya mtu. Ungewaambia pia wasichana wanaoucheza leo, ambao huenda baadhi yao hudhani wao ndio wanaomwiga Nelly.